Ukitaka kupogoa uzio wa nyumbani, anza na ndoo ya maji

Fikiria Jumamosi ya mwezi Oktoba katika nyumba ya kawaida pembezoni mwa Manispaa ya Sumbawanga. Mvua za kwanza bado hazijanyesha. Baba ameamka mapema na kunoa panga, kwa sababu uzio wa minyaa umeota mpaka umefunika njia. Mama amekwenda sokoni. Mtoto wao wa miaka sita anamfuata baba yake nyuma, anaokota vitawi vilivyokatwa na kuvipanga wawiliwawili, kama maksai wanaovuta plau.

Baada ya nusu saa mtoto anapangusa jasho usoni kwa mkono.

“Baba, jicho linawasha.”

“Ni vumbi hilo. Usilifikiche, nenda kanawe.”

Mtoto ananawa kwa kiganja kimoja cha maji, analia kidogo, kisha anarudi kwenye maksai wake. Mchana jicho limekuwa jekundu. Bibi anashauri litiwe matone ya maziwa ya mama anayenyonyesha nyumba ya jirani, kwani ndivyo walivyotibiwa wao. Jioni kope zimevimba, jicho halifunguki, na mtoto anageuzia uso ukutani kila taa inapowashwa. Saa tano usiku wazazi wanaanza kutafuta usafiri.

Mfano huu haumhusu mtu fulani, lakini hatua zake ndizo ambazo madaktari wa macho hueleza wanapozungumzia jicho lililoingiwa na utomvu wa minyaa. Katika nyumba hiyo kila mtu alimpenda mtoto na kila mtu alifanya jambo. Kilichokosekana ni maji mengi, katika dakika za kwanza.

Wakati huu ambao familia nyingi za Ufipa husafisha mazingira kusubiri mvua, kupogoa uzio na maua ya nyumbani ni kazi njema. Uzio uliokatwa vizuri hupitisha hewa, huonyesha njia na huwanyima nyoka maficho. Lakini ni kazi yenye hatari mbili ambazo wazazi wengi hawazipi uzito: utomvu na miiba. Zote mbili hulenga jicho.

MAZIWA YASIYONYWEKA

Mnyaa ni mti ambao majani yake ni madogo mno na hudondoka mapema. Kinachoonekana ni matawi ya kijani, membamba na ya mviringo kama penseli. Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli. Hauhitaji maji mengi, tawi lililochomekwa ardhini huota, na mifugo huuogopa. Kwa sababu hizo, Dodoma, Singida na Usukuma watu wameutumia kuzungushia maboma kwa vizazi vingi. Jina la Ziwa Manyara lenyewe husemekana linatokana na neno la Kimaasai la mti huo.

Kinachowafanya ng’ombe na mbuzi wauogope ndicho kinachomuumiza mtoto. Tawi likivunjika, hutoka utomvu mweupe mithili ya maziwa. Ndani yake mna kemikali zinazochoma ngozi laini na kuifanya ivimbe. Kwenye kiganja kigumu cha mkulima huenda usihisi kitu. Kwenye ngozi laini ya uso unaweza kuleta wekundu na malengelenge. Kwenye jicho huunguza konea, yaani kile kioo cha mbele kinachopitisha mwanga. Katikati yake, konea ina unene wa takribani nusu milimita tu.

Minyaa haiko peke yake. Ua dogo la kwenye chungu lenye miiba shina zima na maua mekundu ni la ukoo huo huo, na yale maua mekundu makubwa yanayohusishwa na Krismasi pia, ingawa utomvu wake ni wa upole zaidi. Mibono, ambayo nayo hupandwa kama uzio, ina utomvu unaowasha na mbegu zenye sumu. Mbegu hizo zina ladha inayokaribia karanga, hivyo watoto huzila kwa wingi kabla ya kutapika na kuharisha. Uzio wa mibono ukikatwa, matunda huanguka chini, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Kanuni ya mzazi iwe rahisi: mti wowote unaotoa utomvu mweupe na hujui tabia yake, utendee kama mnyaa.

SAA YA KWANZA HUDANGANYA

Jeraha la utomvu wa minyaa lina tabia inayowapoteza wazazi. Mwanzoni mtoto anaweza kusema linawasha au linachoma, akanawa, akatulia. Mzazi huona jambo limekwisha. Lakini kemikali zikiwa zimeshaingia, maumivu huongezeka kadiri saa zinavyopita, na hali inaweza kuendelea kuwa mbaya hadi siku inayofuata.

Dalili ni hizi: maumivu makali, machozi yasiyokauka, wekundu, kope kuvimba, kuogopa mwanga na kuona ukungu. Wengine hushindwa kabisa kuona kwa jicho hilo kwa muda. Habari njema ni kwamba wengi wanaooshwa vizuri na kutibiwa mapema hurudi kuona sawasawa, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Wanaochelewa, au wanaotiliwa vitu vingine jichoni, ndio walio katika hatari ya kupata kidonda kwenye konea. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa mbele ya mboni, mwanga haupiti tena.

Kwa mtoto mdogo kuna jambo la ziada. Uwezo wa kuona bado unajengeka katika miaka ya mwanzo ya maisha. Jicho moja likifunikwa na kovu kwa muda mrefu, ubongo huzoea kutumia lile zima na kulisahau lile bovu. Hivyo hasara inaweza kubaki hata kama baadaye kovu litatibiwa.

DAKIKA 20 ZA MAJI

Dawa ya kwanza ya utomvu jichoni ni maji safi, mengi, mara moja. Kiganja kimoja hakitoshi. Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka bila kukoma kwa dakika 20 hivi, na zaidi ikiwa bado linachoma.

Hapa hesabu inasaidia. Ukimimina maji polepole kwa kikombe au jagi, kiasi cha lita moja kwa dakika, dakika 20 zinahitaji lita 20. Hiyo ni ndoo moja. Katika miezi ya kiangazi maji ya bomba yanaweza yasitoke siku unayoyahitaji, na kisima kinaweza kuwa mbali. Kwa hiyo ndoo hiyo ichotwe na kufunikwa kabla panga halijagusa uzio. Kama kazi ikiisha salama, maji hayo yataogea wale wale waliofanya kazi.

Namna ya kuosha ni hii. Mtu mzima anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana kidole chenye utomvu kitaongeza tatizo. Mtoto alazwe au akalishwe, kichwa kiinamishwe upande wa jicho lililoumia, ili maji machafu yasiingie kwenye jicho zima. Kope zifunguliwe kwa vidole, ya juu na ya chini. Maji yamiminwe taratibu kutoka pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, huku mtoto akiambiwa ageuze jicho juu, chini, kushoto na kulia. Mtoto atalia na kupiga mateke. Mtu wa pili amshike, azungumze naye, na saa ya simu itumike kuhesabu. Bila saa, dakika tatu zenye kilio huonekana kama 20.

Nguo zilizodondokewa na utomvu zivuliwe. Uso, nywele na mikono vioshwe kwa sabuni, la sivyo mtoto atajipaka upya.

Baada ya hapo aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo, hata kama anasema amepona. Kama inawezekana, beba kitawi cha mti huo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ili mhudumu ajue kilichoingia. Kwa walio mjini, safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni fupi. Kwa aliye Kirando au Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, au chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, kupanda hadi Sumbawanga kunachukua muda. Ndiyo maana kuosha kunafanyika nyumbani, kabla ya safari, badala ya kukimbilia gari jicho likiwa bado na utomvu. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao wataamua kama anahitaji rufaa.

MAZIWA YA MAMA, SUKARI NA DAWA YA DUKANI

Katika familia nyingi kuna mtu anayejua dawa ya jicho. Wapo wanaotia maziwa ya mama, maji ya sukari, chumvi, asali, mafuta au maji ya majani yaliyotwangwa. Nia ni njema. Lakini maziwa na sukari ni chakula cha vijidudu, na majani yaliyotwangwa huweza kubeba uchafu na fangasi moja kwa moja hadi kwenye konea iliyokwisha kuchubuka.

Jambo hili limechunguzwa hapa nchini. Utafiti kuhusu vidonda vya konea Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, ulibaini kuwa takribani robo ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho kabla ya kufika hospitalini.

Ugumu hauishii kwenye dawa, bali katika kumwambia mkubwa hapana. Mkwe aliyeolewa hawezi kumpokonya mama mkwe kikombe mkononi mbele ya watu. Lakini anaweza kusema, “Shikamoo mama, asante kwa kumhurumia mjukuu wako. Naomba leo tumwoshe kwa maji tu, kisha wewe umbebe twende wote zahanati.” Bibi akipewa kazi ya kumbembeleza mtoto na kuhesabu muda, huwa msaidizi mkubwa. Na maneno hayo ni rahisi zaidi kusemwa siku ambayo hakuna anayelia. Familia iyazungumze mapema.

Kosa la pili hufanyika duka la dawa. Mzazi huomba “dawa ya jicho” na kupewa chochote kilichopo. Baadhi ya matone ya macho yana steroidi. Hizi hupunguza wekundu haraka, hivyo mzazi huamini mtoto anapona. Lakini kama kuna kidonda kilichoingiwa na bakteria au fangasi, steroidi hudhoofisha ulinzi wa jicho na kidonda huenea. Daktari anaweza kuziandika baada ya kulichunguza jicho kwa mwanga na rangi maalumu. Muuza duka hana namna ya kufanya hivyo. Matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine nyumbani nayo yasitumike.

MCHONGOMA NA MIIBA YAKE

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wenye uzio wa michongoma au bogonvilia wanajua kwamba kuupunguza pia ni ngoma. Matawi yake hujipinda yanapovutwa, na yakiachiwa ghafla huchapa uso wa aliye nyuma. Mara nyingi aliye nyuma ni mtoto, na kimo chake kinaliweka jicho lake sawa na ncha za matawi.

Mkwaruzo wa mwiba au jani jichoni unaweza kuonekana mdogo. Lakini mimea hubeba fangasi, na fangasi wa konea hawana haraka. Siku kadhaa baadaye jicho huanza kuuma zaidi, kutoa machozi na kuonyesha doa jeupe. Mzazi anaweza hata kuwa amesahau habari ya uzio. Jicho lolote lililokwaruzwa na mmea lipelekwe kuchunguzwa, na mhudumu aambiwe ni mmea.

Kama mwiba umechoma na kubaki ndani ya jicho, usiuvute. Usilioshe jicho hilo kwa nguvu, wala usilikandamize kwa kitambaa. Funika kwa kitu kisichogusa jicho, kwa mfano kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwa plasta kuzunguka, kisha nenda hospitali.

Mwiba unaochoma mguu au mkono una hatari yake pia: pepopunda. Mbegu za vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na Ufipa ni nchi ya kulima kwa maksai na kutia samadi. Watoto hapa nchini hupata kinga ya pepopunda ndani ya chanjo inayotolewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wajawazito huchanjwa kliniki. Anayesahaulika mara nyingi ni baba mwenyewe, ambaye huenda hajachanjwa tangu utotoni. Akichomwa na mwiba kwa kina au kujikata kwa panga, aoshe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aende kituo cha afya aulize kama anahitaji chanjo. Asisubiri taya likaze.

JINSI YA KUPOGOA BILA KUUMIA

Wilaya za juu za Rukwa zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha baridi ya Juni na Julai na kiangazi kikavu. Maua yanayochanua kwenye machipukizi mapya, kama waridi, haibiskasi na bogonvilia, yanafaa kupogolewa mwishoni mwa kiangazi. Mvua ikija, machipukizi huja nayo. Ukikata sana mwanzoni mwa baridi, mti hukaa muda mrefu ukiwa na vidonda bila kuchipua.

Kwa kawaida usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mti kwa mara moja. Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kata juu kidogo ya kikonyo kinachotazama nje, kwa mshazari, ili maji yasituame juu ya kidonda. Uzio uache ukiwa mpana chini na mwembamba juu. Ukifanya kinyume chake, kivuli cha juu huua majani ya chini na kuacha matundu ambayo kuku na mbwa hupitia.

Kwa matawi madogo, mkasi wa bustani ni salama kuliko panga, maana hukata bila kurusha. Panga linapopiga mnyaa hurusha matone ya utomvu pande zote. Kwa hiyo chagua asubuhi iliyotulia. Katika nyanda hizi zilizo zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, upepo wa kiangazi ukianza kuvuma haukuachi uchague matone yaende wapi. Simama upande upepo unakotokea.

Vaa nguo ya mikono mirefu, glavu na miwani ya kazi, ile ya plastiki inayoziba pembeni, inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Asiye nayo anaweza kutumia helmeti ya bodaboda yenye kioo cha mbele. Majirani watacheka kidogo, kisha wataiazima. Usipanguse jasho kwa mkono, bali kwa kitambaa safi kilichowekwa mbali na kazi. Kabla ya kukata, piga uzio kwa mti mrefu na usubiri. Nyoka na nyigu wajitokeze kabla mkono haujaingia. Na kama matawi yamefikia nyaya za umeme, acha. Toa taarifa TANESCO.

Watoto wawe mahali pengine kazi inapofanyika. Haitoshi kuwaambia wakae mbali. Mtu mzima mmoja awe nao, au wapelekwe kwa jirani, mpaka matawi yameondolewa na uwanja umefagiliwa. Hatari haiishi panga linaposimama. Kitawi kilichoangukia kwenye nyasi bado kina utomvu, na kwa mtoto ni mchezo mpya.

Kama kazi hii unampa kibarua, kumbuka kwamba naye ana macho mawili na huenda ana watoto nyumbani. Mwambie ni mti wa aina gani. Mpe miwani na mwonyeshe ndoo ilipo. Dada wa kazi anayetumwa kuzoa matawi baadaye apewe glavu vilevile.

MABAKI YAENDE WAPI

Desturi ya kukusanya matawi na kuyachoma jioni haifai kwa minyaa. Moshi wake huwasha macho na koo, na nyumba ya jirani iliyo upande wa upepo ndiyo hupokea. Zaidi ya hapo, majani makavu ya Ufipa mwezi Oktoba hayahitaji cheche nyingi kuwaka.

Matawi ya minyaa yasitupwe mtoni wala kwenye bwawa. Utomvu wake una nguvu ya kutosha kuua samaki, na kuna wavuvi wa zamani waliotumia mti huu hivyo. Yasirundikwe pia kwenye udongo wenye unyevu, kwa sababu yataota. Yaanikwe juani kwenye eneo lililozungushiwa, mbali na watoto na mifugo, mpaka yakauke kabisa, au yafukiwe kwenye shimo refu.

Majani laini ya haibiskasi na maua mengine yasiyo na sumu ni mali. Wafipa wana ujuzi wao wa siku nyingi wa kufukia nyasi ndani ya vichuguu vya udongo, ntumba, ili zioze na kurutubisha shamba. Bustani ndogo ya mboga nyuma ya nyumba inaweza kunufaika kwa njia hiyo hiyo. Matawi yenye miiba yasichanganywe humo, maana yatachoma miguu ya atakayelima.

Panga na mkasi vioshwe kwa sabuni na kufutwa kabla ya kurudishwa jikoni au stoo. Katika nyumba nyingi panga lililokata uzio asubuhi ndilo linalopasua kuni jioni, na anayelishika anaweza kuwa mtoto.

JE, KUPOGOA HUONDOA MALARIA?

Wazazi wengi hukata vichaka wakiamini wamemaliza mbu. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kwenye majani. Uzio uliopunguzwa unaweza kumnyima mbu sehemu ya kupumzika mchana, lakini hauchukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Faida kubwa zaidi iko chini ya uzio: makopo, vifuu na tairi vilivyofichwa na majani. Viondolewe kabla ya mvua, kwa sababu ndani ya maji yake huzaliana pia mbu wanaoeneza homa ya dengue.

NDOO ILE ILE

Turudi kwenye ile nyumba, Jumamosi ile ile. Safari hii, kabla ya kunoa panga, baba amechota ndoo ya lita 20 na kuifunika. Jagi liko juu yake na sabuni pembeni. Mtoto amepelekwa kwa bibi yake upande wa pili wa uwanja, na maksai wake leo wametengenezwa kwa mabua ya mahindi.

Saa nne hivi, mtoto anaponyoka na kuokota kitawi kimoja. Anafikicha jicho.

“Baba, jicho linawasha.”

Baba anaweka panga chini. Ananawa mikono kwa sabuni. Bibi anamlaza mtoto mapajani, mama anafungua kope na kumimina maji, na simu inahesabu. Mtoto analia kwa nguvu zake zote. Dakika ya 20 inapofika ndoo iko karibu tupu, na kila mtu amelowa. Wanabadili nguo, wanaweka kitawi kwenye mfuko, wanakwenda kituo cha afya kabla ya adhuhuri.

Uzio umebaki nusu haujakatwa. Utakatwa Jumamosi ijayo, baada ya kuchota ndoo nyingine.